Pambizo ya Ndani

Kazi ya kwanza niliyopewa na mwalimu wetu wa taipografia, yaani ufundi wa kupanga herufi, ilikuwa ukurasa mmoja. Ukurasa wa A5, maandishi matupu, wino mweusi, aina moja ya herufi. Picha hakuna, rangi hakuna, kichwa cha habari hakuna. Alitupa aya saba za hadithi na wiki nzima ya kuzipanga. Nilitoka darasani nikidhani ametuhurumia, maana muhula ule walimu wengine walikuwa wanatudai nembo, mabango na vifungashio, na kila kazi ilikuwa inanikesha. Hii ningeimaliza jioni ileile.

Niliimaliza kwa dakika ishirini. Siku ya kuonyesha kazi, mwalimu aliuchukua ukurasa wangu, akaugeuza kichwa chini miguu juu, akaunyoosha mbali na uso wake na kufinya macho.

"Njoo usimame hapa," akaniambia. "Usisome. Tazama tu."

Nikafinya macho na mimi. Maneno yakapotea, ikabaki rangi ya kijivu, na ndani ya kijivu kile nikaona nyufa nyeupe zikishuka kutoka mstari huu hadi ule, kama maji yanavyojitafutia njia mlimani. Wachapaji huziita mito. Ukurasa wangu ulikuwa na mito minne.

"Msomaji hataiona," mwalimu akasema, "ila jicho lake litakuwa linateleza humo kila mara. Akifika ukurasa wa kumi atakiweka kitabu chini, aseme hadithi haikumvutia."

Maneno yale yalinikaa. Mimi niliingia chuoni kwa sababu ya mabango. Nilipenda kitu kinachokukamata ukiwa unapita, herufi ndefu kama mtu, rangi mbili zinazogombana, basi. Bango hukutana na mtu kwa sekunde chache, na likishasema lake limemaliza. Sikuwahi kufikiri kwamba upo usanifu unaokaa na mtu saa nane au tisa, mtu amejilaza, taa iko juu ya kichwa chake, na muda wote huo kazi yangu imo mikononi mwake wala haitazami. Nilirudi chumbani nikautengeneza upya ukurasa ule. Halafu tena. Muhula unaisha nilikuwa nimeutengeneza mara kumi na saba, na hakuna aliyeniagiza.

Kosa la kwanza lilikuwa rahisi kuliona baada ya kuonyeshwa. Nilikuwa nimeweka herufi za pointi 13 ili ukurasa ujae, mstari ukabeba herufi kama 43 tu, kisha nikaamuru pande zote mbili zinyooke na kuizuia programu ya kupangia kurasa isikate neno lolote mwishoni mwa mstari. Programu ilifanya nilivyoitaka: palipokosekana maneno ya kujaza mstari, ilitanua nafasi. Mito yote minne niliichimba mwenyewe. Nikakimbilia upande wa pili, pointi 8 na nusu, mistari mirefu ya herufi 90, na hapo likazuka tatizo jingine: ukimaliza mstari, jicho linaporudi kushoto halijui lishuke wapi, unajikuta umeusoma mstari uleule mara mbili. Robert Bringhurst, mshairi wa Kanada ambaye wanataipografia wengi wamemfanya mwalimu wao, anasema mstari wa kitabu cha safu moja ukae kati ya herufi 45 na 75, ukihesabu na nafasi, na kwamba 66 ndicho kiasi kinachotosheleza. Nilijaribu 66. Kwa pointi 10 ilinipa mstari wa milimita 105 hivi, na A5 ina upana wa milimita 148, kwa hiyo zikabaki milimita 43 za pambizo kugawana pande mbili. Kwa mara ya kwanza ukurasa ukapumua.

Lakini mito haikukauka yote, na kutafuta chanzo chake ndiko kulikonifungua macho kuliko jambo lolote nililosoma mwaka ule. Kanuni nilizokuwa nazifuata zilitungwa na watu wanaopanga lugha nyingine. Lugha yenye maneno mengi mafupi ina mianya mingi kati ya maneno katika kila mstari, na ukihitaji kutanua kidogo, upungufu hugawanywa kwenye mianya kumi au kumi na miwili na hakuna anayehisi. Kiswahili hubandika sentensi nzima kwenye kitenzi kimoja. "Hawakutufahamisha" ina herufi 17. "Yaliyosababishwa" ina 16. Maneno hayo mawili yakikutana kwenye mstari wa herufi 45, yameshakula robo tatu yake, na uzito wote wa kuunyoosha mstari unaangukia mianya miwili au mitatu iliyosalia. Huwezi kupanga Kiswahili kwa pande zote kunyooka bila kukubali kukata maneno.

Nikaruhusu maneno yakatwe. Programu, ambayo ilikuwa inatumia kanuni za Kiingereza, ikaniletea "wanafun-zi", "kitam-baa" na "milan-go". Nilikasirika kwa namna ambayo sikuitegemea. Mtu yeyote aliyejifunza kusoma kwa kuimba silabi anajua ni wa-na-fu-nzi, ki-ta-mba-a, mi-la-ngo. Silabi zetu huishia irabu, na "nz", "mb" na "ng" hazitenganishwi, zinasafiri pamoja na irabu inayozifuata. Yapo maneno yanayokwenda kinyume, kama "labda", ambalo hukatika baada ya b, na ipo ile m ya "mtu" inayosimama peke yake kama silabi, lakini hayo unaweza kuyashika kichwani. Mashine inapokata "wanafun" mwishoni mwa mstari, msomaji analazimika kuibeba ile n hadi mstari wa pili na kuigundisha tena na z. Ni kazi ndogo. Mpe kazi hiyo mara mia nne katika kitabu kimoja, utakuwa umemchosha bila yeye kujua nani kamchosha. Siku mbili nilipita mwisho wa kila mstari kwa mkono, nikirekebisha mikato. Siku hizi nina orodha ya kanuni zangu na huiweka kwenye programu kabla sijagusa mswada wowote.

Na kuna ritifaa. Ng'ombe, ng'ambo, kung'aa. Katika mswada mmoja uliochapwa na waandishi kadhaa niliikuta alama hiyo kwa sura tatu: kwa mmoja ni kijiti kilichosimama wima, kwa mwingine imepinda ipasavyo, kwa wa tatu imeelekea upande usio wake kama inayofungua nukuu. Sauti ni moja, alama ni tatu, na wakati mwingine zote zimo katika ukurasa mmoja. Mhariri alikuwa ameupitia mswada huo mara mbili na hakuziona, na simlaumu, kwa sababu yeye alikuwa anasoma. Hapo nikafahamu kuwa kuna kipande cha uangalifu ambacho katika mlolongo mzima wa kitabu ni cha msanifu tu, na asipokifanya yeye hakifanywi.

Ukianza kupenda vitabu kwa namna hii, hufiki mbali kabla hujakutana na Jan Tschichold, mwanataipografia wa Kijerumani. Mwaka 1928, akiwa kijana wa miaka 26, alichapisha kitabu kilichowatangazia wachapaji wa Ujerumani kwamba ukurasa uliopangwa katikati, pande zote zikilingana kama mizani, ni kitu cha zamani, na kwamba zama mpya zinadai herufi zisizo na vikia, zile ncha ndogo kwenye miisho ya herufi, na mpangilio unaoegemea upande mmoja. Mwaka 1933 Wanazi walimkamata, na alipoachiwa akahamia Uswisi. Kisha mwaka 1947 akaajiriwa na Penguin, kampuni ya kuchapisha vitabu ya Uingereza, na mtu yuleyule akavipanga vitabu vya bei nafuu kwa mtindo wa utulivu ambao angeukejeli alipokuwa kijana. Alikaa hadi 1949, akasimamia zaidi ya vitabu 500, na akaandika kanuni za kupanga herufi zenye kurasa nne tu. Nimezisoma mara nyingi. Nafasi kati ya maneno iwe finyu. Usitanue baada ya nukta. Herufi kubwa zikifuatana, ziachanishwe kidogo.

Wenzangu darasani walibishana kama alikuwa amewasaliti wenzake wa zamani. Mimi kilichonigusa ni kwamba mtu mwenye jina kubwa namna ile aliona inafaa kutumia muda wake kuwaandikia wapanga herufi wa viwandani juu ya nafasi inayofuata nukta. Vitabu vile viliuzwa kwa watu wa kawaida, vikasomwa vikatupwa. Aliamini hata hao wanastahili nafasi iliyopimwa.

Beatrice Warde, Mmarekani aliyefanya kazi London, alitoa hotuba mwaka 1930 iliyofananisha taipografia njema na bilauri ya kioo kisicho na doa: unaiona divai, bilauri huioni. Mwaka mzima nilitembea na hotuba hiyo kama kiapo. Halafu mwalimu akatuonyesha kazi ya Irma Boom wa Uholanzi, aliyetumia miaka mitano kutengeneza kitabu cha historia ya kampuni moja, kikatoka mwaka 1996 kikiwa na kurasa 2,136 na hakuna hata ukurasa mmoja wenye namba. Alitaka uingie popote, upotee, ukutane na usichokitafuta. Bilauri ile haikuwapo hapa. Msanifu alikuwa amesimama katikati ya chumba. Na kitabu kilikuwa kizuri, sikuweza kukataa. Nilisumbuka nalo jambo hili kwa muda, na nilikofika ni hapa: riwaya inataka msomaji aende mbele, na chochote kinachomsimamisha bila sababu ni wizi wa muda wake. Kumbukumbu za miaka mia za kampuni hazina mbele wala nyuma. Maandishi yenyewe ndiyo yanayosema mikono ya msomaji itafanya nini, na msanifu asiyeyasoma hawezi kusikia.

Nasema hivyo nikijua kuwa wapo wasanifu wengi wasiosoma mswada. Huupokea, huumimina kwenye gridi, hutazama kama aya zimekaa. Nimewahi kufanya hivyo nikapanga sura nzima ambayo barua ndani ya hadithi haikutofautiana na simulizi, kwa sababu sikujua kuwa ni barua. Tangu hapo nasoma mswada mzima mara moja bila kalamu, ndipo nifungue programu.

Sasa nifike kwenye kitabu kilichonifunza zaidi ya vyote.

Mwaka wa pili tulitakiwa kutengeneza kitabu kamili kuanzia mswada hadi nakala iliyojalidiwa. Nilichukua mkusanyiko wa hadithi fupi, ukanipa kurasa 176. Nilijipa moyo: mistari yangu ilikuwa ya herufi 64, mikato yote nimeipitia, ritifaa zote zinafanana, na hapakuwa na mjane hata mmoja, yaani ule mstari wa mwisho wa aya unaobaki peke yake juu ya ukurasa unaofuata. Pambizo ya ndani, ile inayolala kwenye mgongo wa kitabu, niliipa milimita 12. Kwenye skrini ilitosha. Kwenye skrini kurasa mbili zinazotazamana hulala bapa kama shuka lililopigwa pasi, na zile milimita 12 mara mbili zinakuonyesha mwanya wa milimita 24 katikati, mpana kabisa. Nikapeleka kazi kiwandani, nikaomba kijalidiwe kwa gundi kwa sababu ndiyo niliyoizoea, na sikuuliza swali lolote la karatasi.

Nakala ya kwanza nilimpa baba. Baba ni msomaji wa kweli, mtu wa kumaliza kitabu kwa siku mbili, na hana habari na taipografia. Nilikaa upande wa pili wa chumba nikajifanya nina shughuli. Alisoma vizuri kurasa ishirini za mwanzo. Kadiri alivyokaribia katikati nikaona mikono inabadilika. Mkono wa kushoto ukaanza kuukandamiza ukurasa kwa kiganja. Kidole gumba cha kulia kikazama kwenye bonde la katikati na kulivuta. Kisha akakishika kitabu kwa mikono miwili na kukikunja kinyumenyume, mgongo ukalia.

"Baba, mbona unakivunja?"

"Sikivunji, mwanangu. Nafuata maneno. Yamejificha huku ndani."

Akanionyesha. Ilikuwa ukurasa wa 88 na 89, katikati kabisa ya kitabu. Kila mstari wa kushoto ulikuwa unatumbukia bondeni kabla haujaisha, na kila mstari wa kulia ulikuwa unaanzia humohumo. Kurasa zilipanda kutoka kwenye gundi, zikapinda kama kilima, ndipo zikanyooka. Pambizo niliyoipima skrini ilikuwa imezama karibu yote kwenye ule mpindo. Baba alikuwa ameshasoma nusu ya kitabu akiwa anapigana nacho na hakusema kitu, kwa sababu alijua ni kazi yangu. Alipofika kurasa za 100 na kitu, nne zikachomoka.

Nilichukua zile kurasa nne nikaenda nazo kwa mwalimu. Hakuutazama mpangilio hata kidogo. Alichana ukurasa mmoja kutoka juu kwenda chini, ukachanika kwa mashaka, upande huku upande kule. Akachana mwingine kutoka kushoto kwenda kulia, ukachanika mstari ulionyooka. "Nyuzi zinalala mlalo," akasema. "Zilitakiwa zisimame na mgongo."

Karatasi ina nyuzi. Wakati inatengenezwa, uji wa mti hutiririka juu ya wavu unaokwenda, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo huo. Karatasi hukunjika kwa urahisi ukifuata nyuzi, na hugoma ukizikata. Inapovuta unyevu hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Kwa hiyo kitabu ambacho nyuzi zake zimesimama sambamba na mgongo hufunguka na kulala, na ambacho nyuzi zake zimelala mlalo hukurudia usoni kama mlango wenye springi, tena unyevu ukiingia, karatasi hutanuka kufuata mgongo ulioshikwa na gundi, ikakosa pa kwenda, ikajikunja mawimbi. Ukitaka kujua bila kuchana kitabu cha mtu, kata kipande cha mraba, lowesha upande mmoja. Kitajiviringa kama mrija, na mrija huo utakuwa umelala kufuata nyuzi. Nilifanya jaribio hilo na karibu kila karatasi iliyokuwamo chumbani mwangu.

Kuanzia hapo usanifu ukahama kutoka kwenye skrini ukaja mikononi. Nikajifunza kukunja. Chukua karatasi moja kubwa, ikunje katikati mara tatu, unapata majani manane, kurasa 16. Andika namba zake kabla hujachana, halafu ifungue. Ukurasa wa 1 uko kando ya 16, wa 2 kando ya 15, wa 7 kando ya 10. Kila jozi jumla yake ni 17, na nusu ya namba zimesimama kichwa chini. Majirani wa 8 ni 9, kwenye moyo wa mkunjo, na hapo ndipo mahali pekee ambapo picha inaweza kuvuka kutoka ukurasa hadi ukurasa bila kukatika. Kitabu changu cha kurasa 176 kilikuwa mikunjo 11 kamili na mimi sikujua. Kingeweza kushonwa kwa uzi, mkunjo kwa mkunjo, badala ya kukatwa mgongo na kupakwa gundi.

Nikazirudia pambizo pia, sasa nikiwa na kidole gumba cha baba akilini. Vipimo vya zamani ambavyo Tschichold alivichunguza kwenye miswada ya enzi za kati na vitabu vya mwanzo vilivyochapwa, kwa ukurasa wenye upana wa 2 kwa urefu wa 3, hugawa pambizo hivi: ndani 2, juu 3, nje 4, chini 6. Mara ya kwanza nilipoziona namba hizo nilizichukulia kama urembo wa kale, ufahari wa watu waliokuwa na karatasi ya kuchezea. Kisha nikashika kitabu kilichopangwa hivyo. Vidole gumba vikakaa chini na pembeni, mahali penye weupe mwingi, bila kufunika neno. Zile pambizo mbili za ndani zikikutana zinakuwa 4, sawa na ya nje, kwa hiyo jicho linaona nguzo tatu nyeupe zenye upana sawa, na nguzo mbili za maandishi katikati yake. Hesabu hiyo inafanya kazi ikiwa tu kitabu kinafunguka bapa. Kikiwa cha gundi na kizito, inabidi uongeze ndani, na uongeze kwa kupima kwenye nakala ya karatasi tupu yenye unene uleule. Hakuna njia nyingine. Kutengeneza kitabu kitupu kabla ya kile chenye maneno ni hatua ambayo siiruki tena.

Magazeti na majarida yalikuja baadaye, na nilikwenda nayo kwa sababu ya vitabu. Katika kitabu cha hadithi kurasa hufanana na ufundi uko kwenye kuzilinganisha. Katika jarida kila unapofungua unadai kitu kipya, lakini bado ni mtu yuleyule anayefungua. Alexey Brodovitch, Mrusi aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa jarida la mitindo la Harper's Bazaar kuanzia 1934 hadi 1958, alikuwa akitandaza kurasa zote sakafuni na kuzitazama kwa pamoja, akihamisha hii na ile. Tulipotengeneza jarida la darasa la kurasa 48 nami nilitandaza hivyohivyo. Kwenye skrini nilikuwa nimezipenda zote, moja moja. Sakafuni niliona makala nne mfululizo zinafunguka kwa picha kubwa kushoto na kichwa cha habari kulia, kama mtu anayerudia salamu ileile kila akipita mlango. Nilihamisha makala moja ya maneno matupu katikati yao, kurasa mbili za safu mbili na weupe mwingi juu, na zile picha zilizokuja baada yake zikapata nguvu ambayo hazikuwa nayo asubuhi.

Jarida lilinifundisha pia kukaa na mhariri. Nilikuwa nikidhani mhariri hukabidhi na kuondoka. Mhariri wetu, mwanafunzi mwenzangu aliyesomea lugha, alikaa nami hadi usiku tukibishana juu ya maelezo ya picha yaliyozidi kwa neno moja. Mimi nilitaka kupunguza herufi. Akasoma upya, akalifuta neno "sana", mstari ukaingia, na sentensi ikawa bora. Baadaye nami nikamwambia aya yake ya tatu inaishia mahali ambapo msomaji anageuza ukurasa, na kama angelipeleka swali lake pale mwishoni, mkono wa msomaji ungegeuza wenyewe. Akalipeleka. Furaha niliyoipata usiku ule hakuna nembo iliyowahi kunipa.

Kitabu cha hadithi nilikitengeneza upya mwaka wa tatu, ingawa nilikwishapewa alama zake. Pambizo ya ndani milimita 19. Herufi nikazipunguza kwa nusu pointi, hata hivyo kwa pambizo zile mpya kurasa zikaongezeka hadi 192, mikunjo 12. Karatasi niliiagiza nikiwa nimetaja mwelekeo wa nyuzi kwa maandishi, na nilipofika kiwandani nilichana kipande mbele ya fundi kuhakikisha. Hakuchukia, alicheka akaniletea kipande kingine nichane. Kushona nilishona mwenyewe, nakala tano, sindano na uzi uliopakwa nta, mkunjo baada ya mkunjo, wiki nzima ya jioni. Nakala ya pili iliharibika kwa sababu nilikaza uzi kupita kiasi, karatasi ikachanika kwenye tundu.

Nakala ya tatu nilimpelekea baba. Sikumwambia kuwa ni hadithi zilezile. Alikaa mezani safari hii, akafungua, akacheka kidogo alipoitambua ya kwanza, akaendelea. Nilitazama mikono. Wa kushoto ulishika pembeni kwa muda, kisha ukaondoka. Wa kulia ulibaki kwenye kona ya chini ukingoja kugeuza. Saa ikapita. Alipofika katikati, pale pa mkunjo wa sita, miwani ikawa imepata ukungu. Akaivua, akavuta pindo la shati kwa mkono mmoja na kuifuta kwa mwingine, taratibu, kioo cha kwanza, halafu cha pili. Kitabu kilikuwa mezani mbele yake, hakijashikwa na kitu, kurasa mbili zimelala wazi. Akavaa miwani, akaendelea na mstari aliouachia.